Beseni la Tende Asubuhi ya Idi

Shoga yangu unayesoma, wewe najua hutatia chumvi, basi nakuhadithia kama nnavyomhadithia dada'angu.

Nilipotoka fungate tu, baba mkwe alinipeleka bandani, shambani kwao, mji wa Ibra. Kazi yao ilikuwa kulea farasi wa watu: sisi tunalisha, tunaosha, tunachokoa kwato, wenyewe wanakuja Alkhamisi kupanda na kupigwa picha. Akanambia, "Binti yangu, farasi hasemi, na mwenyewe hanyamazi. Weye msikilize farasi." Basi asubuhi nakata gatti, yale majani mabichi ya malisho, jioni nakwenda darasa la watu wazima. Nikiingia, mwalimu anafungua dirisha.

Miaka ya tisini banda lilijaa, alhamdulillahi. Lakini bosi hasa alikuwa Mkurugenzi mmoja wa mji wa Sur. Binamu zake wote walituletea farasi kwa kumfuata yeye. Akikohoa, shemeji yangu, ndugu wa mume wangu aliyesimamia banda, anakimbilia maji.

Asubuhi ya Idi moja, kabla ya mbio, namkuta mama yake Mkurugenzi bandani na beseni. Tende, samli, na asali juu. Farasi wao, jike jekundu, ameshalamba mpaka chini.

"Shikamoo bibi. Umempa yote?"

"Marahaba. Mgeni wenu huyu, na Idi hamumpi kitu? Aibu!"

Ya Rabbi! Farasi hatapiki. Kikiingia kimeingia, na akikimbizwa tumbo linamsokota. Kweli, akaanza kupiga chini kwa kwato na kujitazama ubavu. Nikakataa kuwatolea tandiko la kumpandia mbioni.

Mkurugenzi akaja na kanzu yake mpya. "Unamtia mama yangu makosani mbele ya watu?"

"Namtoa farasi wako kaburini."

"Toa tandiko, ama nawachukua farasi wetu wote."

Shemeji ananikonyeza, toa, toa. Najua banda lote linamtegemea mtu huyu. Sikutoa. Nikamtembeza yule farasi taratibu mpaka daktari wa mifugo akafika. Laasiri alikuwa mzima.

Shukrani ya Mkurugenzi? Wiki ile ile alimchukua farasi wake, na binamu zake nyuma yake, mmoja mmoja. Shemeji akanambia, "Haya, umeshinda. Gatti kula mwenyewe." Banda likavunjwa, ikajengwa istiraha, nyumba ya mapumziko yenye bwawa, ya kukodisha, watu wanakuja kuchoma nyama.

Miaka miwili baadaye akaja Mkurugenzi, bila mama. Kwengine yule farasi walimlisha vile vile, wakampanda, akaanguka uwanjani akafa. Sasa anaye mtoto wa yule farasi, jike, anataka nimlee mimi. Nimuweke wapi? Jikoni? Nikamuonesha pale palipokuwa banda, watu wanaogelea. Akaondoka.

Sasa nimepumzika, nasali, nalea wanangu, na hasira bado ninazo, Mungu anisamehe. Ukimjua mwenye farasi, msomee haya kabla ya Idi. Na akiwa na mama, anza na mama.