Uzoefu wa Ng'ombe

Juzi nilimsindikiza mpwa wangu kwenye usaili, katika ghala jipya la supamaketi nje ya Tarime. Mbele yake kwenye foleni alikuwapo mzee wa kijiji cha Kisaka, fimbo magotini.

“Una uzoefu gani, mzee?” ofisa aliuliza.

“Ng'ombe.”

Ofisa akacheka. “Mzigo ukipungua utajuaje?”

“Ng'ombe hatuwahesabu. Tunawatazama wakiingia zizini, na asiyekuwepo tunamjua.” Akanyoosha fimbo kwenye rundo la maboksi. “Tangu nikae hapa, boksi moja la sabuni limetoka kule nyuma.”

Ofisa akaenda kukagua. Aliporudi hakucheka tena. Alivua kizibao chake cha reflekta akamvisha mzee. Niliwapenda wote wawili.

Akaitwa mpwa wangu, mzaliwa wa mjini, bahasha nene ya vyeti kwapani.

“Uzoefu?”

“Mbuzi tu, bosi,” akajibu haraka. “Lakini wengi.”