Mihuri Kumi na Miwili ya Fundi Elirehema

Kila Jumanne saa nane mchana, Mwalimu Hhando, mwandishi wa chama cha kukopeshana, alipofika kwenye jina la tatu la benchi la nne, ukumbi wa kigango cha Rhotia ulinyamaza. "Elirehema," alisoma, kisha akasubiri, kama sheria ya chama ilivyotaka, muda wa kutosha mtu kuvuta pumzi tatu. Wanawake wawili waliokaa kushoto na kulia mwa nafasi ile walitazama mbele. Hawakuwa wamesogeleana kuijaza. Kwa miezi mitano ilibaki hivyo, upana wa mtu mmoja, ubao mtupu uliong'arishwa na suruali ya mtu aliyekuwa hayupo.

Mwenye suruali hiyo alikuwa umbali wa dakika sita kwa miguu, kwenye kibanda chake cha kuziba pancha kando ya barabara, akijifanya ana kazi nyingi. Kwa kweli hakuwa na kazi hata moja, na hilo ndilo lilikuwa chanzo cha yote.

Elirehema alitoka Machame mwaka 1990, akiwa na pampu ya mguu, sanduku la viraka na imani kubwa katika mawe ya barabara ya Ngorongoro. Imani hiyo ilimlipa vizuri. Magari ya watalii yalipanda kutoka Mto wa Mbu yakiwa na tairi nne nzima na yakafika Rhotia na tatu. Wakati wa mvua za mwaka tisini na nane, barabara ilipogeuka uji mwekundu wenye mawe ndani, alibandua na kuziba mpaka vidole vikakosa alama. Madereva walimwita Daktari. Yeye mwenyewe alianza kujiona hivyo, na hata kutembea alitembea kama mtu anayesubiriwa wodini.

Kisha wakaja wapimaji wa lami. Mtu mwingine angewatazama akaogopa. Elirehema aliwachemshia chai. Alikaa akapiga hesabu: barabara nzuri italeta magari mengi, magari mengi yana tairi nyingi, tairi nyingi zina pancha nyingi. Hesabu hiyo ilikuwa safi kila mahali isipokuwa mwishoni. Mwaka 2001 akaenda Chama cha Jumanne, akakopa shilingi laki sita, akanunua kompresa kubwa ya rangi ya chungwa, iliyonguruma kiasi kwamba kuku wa jirani waliacha kutaga. Lami ikafika Rhotia mwaka uliofuata, laini kama mgongo wa ng'ombe aliyeshiba. Magari yakapita kwa mlio mmoja mrefu, bila kusimama. Elirehema alikaa kando ya kompresa yake akiwapungia madereva mkono, nao wakampungia.

"Ni mimi peke yangu Tanzania nzima," alipenda kusema baadaye, "niliyefilisiwa na maendeleo."

Chama hakikujali maendeleo. Wanachama walikaa watanowatano kwenye benchi, na kila benchi lilijidhamini lenyewe. Mmoja akikosa kuleta rejesho, wenzake wanne hawakuruhusiwa kuondoka mpaka fedha ipatikane. Jumanne ya kwanza aliyokimbia, Sabina, ambaye watu wote walimwita Mama Inosenti, alikaa pale na wenzake mpaka jua likashuka nyuma ya vilima, ng'ombe wao wakilia zizini kwa kutokamuliwa. Walichanga wakalipa. Jumanne ya pili hivyo hivyo. Ya tatu Mama Inosenti aliuza mbuzi.

Hatimaye Elirehema aliiuza kompresa huko Mto wa Mbu kwa nusu ya bei, akalipa deni lote, akarudisha na thamani ya mbuzi. Alidhani mambo yamekwisha. Lakini deni lilikuwa limekwisha na jina lilikuwa bado limelala chini, na hapakuwa na mtu wa kuliokota. Tena halikulala peke yake. Sheria ya chama ilisema nyumba moja, jina moja. Mkewe, Flaviana, aliyekuwa na kadi yake mwenyewe benchi la saba, mihuri ya miaka miwili bila pengo, alifungiwa naye.

Flaviana alifanya biashara ya vitunguu. Kila Agosti alishuka Mang'ola, akanunua mashambani, akapandisha magunia mpaka Karatu na Arusha. Bila mkopo wa chama hakuna magunia, na bila magunia hakuna mwaka.

"Sikudai chochote, Baba Anitha," alimwambia mumewe mwezi wa tano, akiwa anachambua maharage. "Nataka kadi yangu tu. Uende ukaseme na wale mama."

"Nitawaambia nini?"

"Utajua ukifika. Ulijua cha kuwaambia wapimaji."

Alikwenda. Aliingia ukumbini akiwa amevaa shati la kanisani, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, Mwalimu Hhando aliposoma jina, sauti ilijibu. Ilijibu vibaya, kwa mkwaruzo, lakini ilijibu. Watu wakacheka.

"Kumbe yupo hai," alisema Mama Inosenti. "Sisi tulishachanga rambirambi."

"Ndiyo, Mama Inosenti. Hata mimi nilisikia habari za msiba wangu."

Walimjadili mbele yake kama ng'ombe wa mnadani, meno na kwato. Mwishowe Mama Inosenti, ambaye ndiye alikuwa mwenyekiti, akatoa masharti. Atapewa kadi mpya na mkopo wa shilingi elfu kumi na mbili. Atarudisha elfu moja na mia moja kila Jumanne, kwa Jumanne kumi na mbili. Akijaza mihuri yote, nyumba yake itafunguliwa. Akikosa mmoja, basi.

"Lakini mimi sihitaji elfu kumi na mbili," Elirehema alisema.

"Tunajua. Ndiyo maana tunakupa."

Kadi ilikuwa ya manila ya kijani, imepigwa mistari kwa rula, vyumba kumi na viwili. Aliiweka mfukoni mwa shati. Zile elfu kumi na mbili akazitia kwenye kopo tupu la gundi, juu ya rafu, akazitazama kama mtu anayechunga kifaranga cha jirani.

Jumanne iliyofuata alifanya kosa ambalo ni mtu kama yeye tu angelifanya. Aliona ni ujinga kubeba elfu moja na mia moja mara kumi na mbili, ilhali fedha zote ziko kwenye kopo. Akachukua zile elfu kumi na mbili, akaongeza riba ya wiki zote kutoka mfukoni, akaenda akaziweka mezani kwa kishindo kidogo. Alitegemea, kusema kweli, makofi.

Mwalimu Hhando alihesabu, akaandika, akagonga muhuri mmoja. Akafunga kitabu.

"Na ile mingine kumi na moja?"

"Umelipa mara moja, Fundi. Muhuri ni mmoja. Mkopo umekwisha."

"Lakini nimelipa kabla ya wakati!"

"Baba Anitha," alisema Mama Inosenti, taratibu, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu, "hela yako tulishaiona. Hata kompresa ulikuwa nayo. Tunachotaka kuona ni wewe. Jumanne ya mvua, Jumanne ya jua, Jumanne ambayo huna hamu. Utapewa tena zilezile, utaanza upya."

Nyuma mtu akasema kwa Kiiraqw, lugha ya wenyeji, jambo fupi, na benchi zima likaangua kicheko. Elirehema, aliyekaa Rhotia miaka kumi na mbili, alielewa maneno yote na akatamani angekuwa mgeni.

Nyumbani Flaviana alihesabu kwa vidole. Kuanza upya kulimaanisha Jumanne ya kumi na mbili itaangukia siku ya mwisho ya kupitisha mikopo kabla ya mavuno ya Mang'ola. Baada ya hapo sanduku la mikopo lingefungwa mpaka Oktoba, wakati vitunguu vitakuwa vya wengine.

"Kwa hiyo hakuna nafasi hata moja ya kukosa," alisema.

"Hakuna."

"Mungu anisaidie, maisha yangu yako juu ya mihuri ya mwanaume aliyewachemshia chai watu wa lami."

Yeye naye alikuwa akiwaza hivyohivyo, ila kwa maneno makali zaidi.

Jumanne zikaanza kupita. Ya pili ilinyesha. Ya nne alikuwa na homa, akaenda amejifunga blanketi, akajibu "Nipo" kwa meno yanayogongana. Ya sita hakuwa na hamu kabisa. Alikaa kibandani mpaka saa nane kasoro, akiitazama lami inavyometa, akijiuliza ni lini hasa mtu mzima huwa mtu wa kugongwa muhuri. Kisha akainuka. Aligundua kwamba kazi ngumu haikuwa kulipa. Ilikuwa kuingia mlangoni na kupita mbele ya mabenchi saba ya watu waliowahi kumsubiri. Kila wiki ukumbi ulionekana mfupi kidogo, kama nusu hatua.

Jumanne ya kumi na mbili, saa nane kasoro robo, gari la watalii lilisimama kibandani kwa kishindo. Dereva alikuwa Joel, kijana wa Usa River aliyekuwa mteja wake wa siku za neema. Alikuwa ametoka Ziwa Eyasi, ambako lami ilikuwa bado haijasikika. Tairi moja lilikuwa limetoboka, la akiba nalo limekwisha pumzi, na ndani wazungu wanne walikuwa wakitazama saa.

"Daktari! Mungu mkubwa, upo! Wageni wana ndege jioni. Niokoe."

"Joel, ndugu yangu, rudi baada ya nusu saa."

"Nusu saa? Elfu kumi na tano nakupa. Ishirini!"

Elirehema aliishika kadi mfukoni. Elfu ishirini kwa pancha moja. Bei hiyo hakuwa ameiona tangu lami ije. Na mezani kwa Mwalimu Hhando alikuwa anadaiwa elfu moja na mia moja. Alicheka peke yake, kicheko cha mtu anayejiona anavyofanywa mjinga kwa mara nyingine, na safari hii kwa hiari.

"Lete hilo tairi," alisema. "Chukua pampu. Nifuate."

Hivyo ndivyo watu wa Rhotia walivyomwona Elirehema akiviringisha tairi la Land Rover barabarani, amevaa shati la kanisani, akikimbia, na nyuma yake dereva wa watalii amebeba pampu ya mguu na sanduku la viraka. Aliliangusha tairi barazani pa ukumbi, chini ya dirisha, akaanza kulibandua kwa vyuma. Ndani, Mwalimu Hhando alikuwa ameanza kusoma majina.

"Hapa ni wapi?" Joel aliuliza.

"Nyamaza. Sikiliza jina langu."

Benchi la kwanza. La pili. Elirehema alivuta tyubu, akapata tundu, akalikwangua. La tatu. Akapaka gundi, akaipuliza. Jasho lilimwingia machoni.

"Elirehema."

"Nipo!" alipiga kelele dirishani, chuma mkononi.

Vichwa vyote viligeuka.

"Nipo ni ndani, siyo nje," alisema Mama Inosenti.

Elirehema akamtupia Joel kiraka. "Kandamiza hapa, usiachie," akasema, akaingia mbio na mikono myeusi, akaweka noti ya elfu moja na sarafu ya mia juu ya meza. Noti ilikuwa na alama ya kidole gumba cha gundi. Mwalimu Hhando aliiinua kwa ncha za kucha, akaitazama pande zote mbili, kisha akagonga muhuri.

Hakuna aliyepiga makofi. Mama Inosenti alinyoosha mkono kwa kadi, akahesabu vyumba kimya kimya, midomo ikicheza.

"Mwalimu, andika. Mama Anitha arudi benchi la saba. Laki mbili alizoomba zipite leo." Akaigeuza kadi. "Na wewe Fundi, unaomba kiasi gani?"

Kwa majuma kumi na mawili alikuwa ameliandaa jibu la swali hilo, na ndani yake mlikuwa na mashine ya kupukuchua mahindi, yenye injini. Alifungua mdomo. Aliona mikono yake.

"Elfu kumi na mbili," alisema.

Ukumbi ulicheka mpaka Joel akachungulia dirishani, kidole bado juu ya kiraka, akiuliza kama mgonjwa amepona.

Agosti ile Flaviana alipandisha magunia arobaini. Mwaka uliofuata yalikuwa mengi zaidi, na kibanda cha pancha kikafungwa bila sherehe. Sasa Elirehema yuko Mang'ola, kwenye ghala la mkewe, anashona midomo ya magunia ya vitunguu, na hulipwa kwa gunia, Jumamosi, sawa na washonaji wengine.