Kambare wa Beseni

Nikisikia harufu ya plastiki inayoungua, hata kama ni jirani tu anachoma takataka, narudi kuwa na miaka kumi, nimechuchumaa uani kwetu mtaani Buyenzi, namwangalia Papa akitoboa bidoni la njano, dumu la mafuta ya kula, kwa msumari uliotoka kwenye makaa. Papa alikuwa fundi wa magari, na mtego wa samaki aliutengeneza kama anayefunga injini: alinuna, akatukana kidogo kwa Kifaransa, kisha akafuta mikono kwenye suruali ambayo Mama alikuwa ameifua asubuhi hiyo. Alikata kichwa cha bidoni, akakigeuza kikaelekea ndani, akapanua tundu mpaka ngumi yangu ikapita, akakifunga kwa waya. "Samaki ataingia bila shida," aliniambia. "Kutoka, atajua mwenyewe." Tukatia jiwe la kulizamisha na donge la bugali lililochacha, lililonuka kuliko soksi zangu, na soksi zangu zilijulikana mtaa mzima.

Wiki ile ile alikuwa anahamia Uvira, ng'ambo ya mpaka, ambako gereji moja ilimwita. Mtego ulikuwa wa kunifunga mdomo nisilie. "Siku mukishika samaki munipigie simu," alisema. "Nitakuja kula."

Basi kila nikitoka shule mimi na dada yangu mdogo Zaina tulishuka ziwani, kwenye matete, kuvuta kamba. Mwezi mzima tulivua kaa wadogo, chura mmoja mwenye dharau, na ndala ya mguu wa kushoto. Nilimkumbuka Papa mpaka nikawa siwezi kuchekesha mtu darasani, jambo ambalo mwalimu alilipokea kwa shukrani. Ndipo nikachukua jikoni samaki wa chumvi wa Mama, nikamsukumia ndani ya bidoni, nikalizamisha, kisha nikamwita Zaina alivute mwenyewe, ili akiapa kwenye simu aape kweli. Aliapa vizuri sana. Papa akaja Ijumaa na begi lake, akamgeuza yule samaki mkononi, akanitazama.

"We mutoto. Hii samaki imepasuliwa tumbo, imekaushwa, imetiwa chumvi, kisha ndo imeingia mu mutego?"

"Ilikuwa na njaa, Papa."

Alicheka mpaka akakaa chini. Akamla akammaliza, na mifupa akaifyonza, na alipokuwa anaondoka akaniambia, "Na mi nitakulipa, ungoje."

Majuma matatu baadaye, siku ya Jumatano, bidoni lilikuwa zito na lilikuwa linapiga teke. Kambare, mweusi, ana masharubu kama ya mudiri wetu wa shule. Tulimweka kwenye beseni la kufulia, nikapiga simu.

"Papa, tumeshika. Ya kweli."

Sauti yake ilikuwa nzito, nikadhani nimemwamsha. "Ya chumvi tena?"

"Apana. Wallahi, iko hai."

"Haya. Ijumaa nitakuja. Musiiue."

Hakuniambia kwamba alikuwa na homa tangu Jumatatu. Asubuhi ya Ijumaa nilikuwa nabadilisha maji ya kambare mjomba alipoingia, kaka yake Mama, akasema Papa amefariki usiku na watamzika huko huko baada ya swala. Nikacheka. Nilimwambia, "Papa amekutuma. Ananilipa ile ya samaki ya chumvi." Mjomba alinishika kichwa tu, na nikaendelea kungoja mlango ufunguke Papa aingie akisema amenipata. Mjomba akavuka mpaka, akafika wameshafukia.

Waliokuja msibani walijaa uani. Mama mmoja wa jirani, mtu mwema ambaye hakuambiwa kitu, alimkuta kambare kwenye beseni, akampika na nyanya, akawapa wageni. Nilipoikuta sahani ilikuwa imebaki kichwa na masharubu. Hapo ndipo nilipolia.

Sasa nina miaka kumi na saba. Darasani bado nachekesha watu, hata wakati wa fizikia. Bidoni liko jikoni, Mama anahifadhia makaa, na Zaina, ambaye sasa ananipita urefu, ameniomba mara mbili nimfundishe kutengeneza lingine. Nimemwambia nimesahau. Mjomba alirudi kutoka Uvira na begi la Papa: ovaroli, bisibisi, na ndimu tatu ndani ya mfuko. Mama anasema zilikuwa za kumlia kambare. Mjomba anasema mtu mwenye homa hunywa maji ya ndimu, ndivyo ilivyo. Mimi, ambaye nina jibu kwa kila kitu, huwa natoka nje wakianza. Ningependa tu kujua kama mara ya pili aliniamini.