Mkono wa Kushoto wa Mwalimu Klachi

Mwalimu Klachi alikuwa na mdomo mpana kuliko barabara aliyofundishia udereva. Nusu ya madereva wa mji walipita mikononi mwake, na wote aliwaambia neno lile lile: gari linalojibadilishia gia lenyewe ni la watu wanaotaka kulala huku wanakwenda. Sasa mtazame, huyo hapo kwenye yadi ya magari, kofia kichwani, anazunguka vigari vya otomatiki vilivyopangwa kama mayai kwenye trei. Usicheke. Yeye mwenyewe siku hiyo hakuwa na la kumchekesha.

Binti yake, nesi, alikuwa amemwambia asubuhi bila kupepesa macho: "Baba, leo tunachagua gari utakaloliweza, au unahamia kwangu. Nyumba yako iko mbali na soko na magoti yamegoma. Sitaki nije siku moja nikukute umekauka jikoni kwa njaa."

Kwake kulikuwa ghorofani, chumba cha wajukuu, kitanda cha juu na chini. Mwalimu alijiona kwenye kile cha chini, miguu imening'inia nje.

Gari lake la zamani, la gia za mkono, lilikuwa limelala uani tangu wamzike mkewe. Binti alidhani ni huzuni. Ilikuwa huzuni, ndiyo, lakini chini yake kulikuwa na siri. Bega la kushoto la Mwalimu liliganda miaka mingi nyuma, alipoteleza bafuni, na mkono haukufika tena kwenye gia. Angesema, angenyang'anywa funguo. Basi akala njama na mkewe. Yeye usukani na klachi. Mama, kwenye kiti cha kushoto, gia. Mama ambaye hakuwahi kushika leseni hata ya baiskeli, mkono kaufunika kwa mtandio ili trafiki asione kitu.

Mwanzoni ilikuwa vita.

"Haya, mke wangu, mbili!"

"Mbili iko wapi?"

"Chini! Vuta chini, usikoroge kama chai!"

"Na wewe ikanyage hiyo klachi, au unaibembeleza?"

Baadaye mama akajua kwa masikio. Injini ikianza kuhema, mkono wake umeshafika. Walivuka mji mzima wakigombana juu ya bati linalovuja, na gari linateleza kama limepakwa mafuta. Watu wakamsifu Mwalimu: uzee wote huo, gia hata huzisikii zikiingia! Naye akizipokea sifa zote, hammegei mama hata kipande.

"Jisifu tu," mama alikuwa akimwambia wakifika nyumbani. "Siku nisipokuwepo utajua dereva ni nani."

Alishajua.

Mwenye yadi, mtu wa tumbo na kicheko, aliwahi kufelishwa na Mwalimu huyu huyu, na leo furaha ilikuwa imemzidi. "Mwalimu! Si ulisema otomatiki ni za wavivu?"

"Nilisema. Ndiyo maana nikajua zitakuwa kwako."

Wakaanza na kigari cheupe. Mlango mpana, kiti kimeinuka, unakaa bila kuinama wala kupanda. Binti akakipenda pale pale. Lakini kijiti cha gia kilipachikwa juu, kwenye dashibodi, na kati ya viti viwili palikuwa patupu. Mwalimu akapatazama pale patupu, kisha akashuka.

"Hapana."

"Kwa nini, baba?"

"Taa zake zina macho ya kiburi."

La pili halikuwa na kijiti kabisa, bali kitufe cha kuzungusha. "Hili ni jiko," akasema, na mguu mmoja ulikuwa bado nje.

Binti akavuta pumzi ndefu, ile ya manesi.

La tatu lilikuwa huko nyuma ukutani, rangi imepauka, kiti kiko chini mpaka Mwalimu aliingia kwa vipande, akiguna kila kipande. Lakini kijiti cha gia kilisimama katikati ya viti, kichwa chake cheusi kimeng'aa kwa kushikwa. Binti akakaa kushoto.

"Mguu wa kushoto uko likizo, Mwalimu," mwenye yadi akasema dirishani. "D ni kwenda. Basi."

Wakatoka barabarani. Gari likashika mwendo, injini ikaanza kuhema, na mdomo ukatangulia akili.

"Haya, mke wangu, mbili!"

Mguu wa kushoto ukashuka kutafuta klachi, ukakuta breki. Gari likasimama ghafla, binti nusura abusu kioo.

Binti akajiweka sawa kitini.

"Baba. Ulikuwa unamwambia nani?"

Wakasogea pembeni. Akamweleza yote, akiutazama usukani.

"Miaka yote hiyo?" binti akafoka. "Na wanangu mmewapakia nyuma?"

"Wanao walikuwa na madereva wawili. Wewe umewahi kuwapa wangapi?"

Binti alitaka kucheka, kicheko kikatoka kama kilio. Alipomaliza kujifuta akaweka mkono juu ya kijiti. "Alikuwa anakishika hivi?"

"Viganja vyenu ni vile vile," Mwalimu akasema taratibu. "Ila yeye alikifunika zaidi, kama mfuniko wa sufuria."

"Lile jeupe lina kiti kizuri, baba. Magoti yako."

"Magoti yatazoea."

Akalichukua hilo la rangi iliyopauka. Binti alikuwa na zamu, kwa hiyo Mwalimu alirudi peke yake. Alivusha mkono wa kulia mbele ya kifua, akakiweka kijiti kwenye D, na mpaka nyumbani hakuna aliyehitaji kukigusa tena.

Kwenye mlima wa sokoni, pale ambapo mama hakuwahi kukosea, injini ikahema. Mwalimu akabana midomo, asiseme kitu. Gari likajibadilishia lenyewe, laini kabisa, laini kuliko hata mama.

Akakitazama kiti cha kushoto. Halafu akaigeukia dashibodi, macho yamejaa maji.

"Jisifu tu," akaliambia gari.