Pembe Kwenye Paji la Zuhura

Mimi nilipokuwa mtoto, nyumba yetu ya Kibokoni ilikuwa na jini, au ndivyo wakubwa walivyoamua. Alikuwa subiani, yule anyonyaye damu za watoto, na makazi yake yalikuwa kichwani mwa mdogo wangu Zuhura. Ushahidi wao ulikuwa paji lake, lililofura likautangulia uso, macho ya manjano, na viganja vyeupe kama chokaa. Watoto wa mtaani walimwita Kichwa Nazi. Mmoja nilimpiga kwa ndara, na sijuti.

Bibi mzaa mama hakuwa mtu wa kubishiwa. "Subiani ainyonya damu akaiweka juu," alisema. "Ndiyo maana mwili umekauka na kichwa chakua. Tukimfungulia mlango, atatoka."

Akaletwa fundi wa kuumika. Zuhura akakalishwa uani, mama kamshika mabega. Fundi akamchanja paji kwa wembe, akabandika pembe la ng'ombe, akafyonza. Damu ikatoka nyepesi kama sharubati iliyozidishwa maji.

"Mwaiona?" bibi akasema. "Damu ya mtu ina rangi. Hii ni yake jini."

Wakarudia Ijumaa iliyofuata, kisha nyingine. Siku moja Zuhura akaniambia, "Dada, kichwa changu chavuma."

"Chasema nini?"

"Hakisemi. Chafanya kazi tu."

Hakuifikia Ramadhani. Aliyekuja kumwosha alisema hajapata kuona maiti ya mtoto nyeupe vile. Bibi akajibu kwamba subiani kamchukua wake, akaendelea kupepeta mchele wa matanga.

Miaka ikaenda, nikazaa, nikapata wajukuu. Katika miaka ya tisini Salma, mtoto wa binti yangu, akaanza kutoa paji lile lile. Nikanyamaza. Bi Rukia, mama mkwe wa binti yangu, hakunyamaza: alikwisha agana na fundi wa kuumika aje Ijumaa. Kabla ya siku hiyo Salma akateleza ngazini, tukamkimbiza hospitali, akapigwa picha ya kichwa.

Daktari alikuwa msichana wa bara. Kiswahili chake kilikwenda upande, lakini nilimfahamu. Akaiinua picha dirishani.

"Nyanya, kichwa haijavunjika. Lakini angalia hii mfupa."

Juu ya fuvu, pale nilipotaraji mstari laini, palisimama vijiti vyembamba, kama nywele zilizosisimka. Akanieleza kwamba damu ya mtoto yaharibika upesi, basi uboho ulio ndani ya mfupa hutengeneza nyingine bila kupumzika, na hufura, ukausukuma mfupa. Akataka Salma aongezwe damu siku ile ile.

Bi Rukia akafika wodini na buibui lake la udi, kuja kumchukua mtoto. Akaitazama picha, akatabasamu.

"Nywele hizo. Sikukwambia? Ndiye huyo, kaketi."

"Basi kama ni yeye, ataka damu," nikamwambia. "Mkimpunguzia mtoto hiyo kidogo aliyo nayo, jini wako atanyonya nini? Mwambie mwanao aje atoe yake. Na fundi umlete kwangu, kichwa changu kigumu."

"Wajifanya mjuzi, nawe hata kusoma hujui."

"Sijui kusoma. Kuzika najua."

 Aliondoka peke yake, na jioni mwanawe akaja kutoa damu. Mimi na Bi Rukia hatujasemezana vizuri hadi leo.

Salma yu hai. Hakupona, na paji halikurudi. Huenda kuongezwa damu, hukaa kidogo, huenda tena. Kila tumpelekapo namkumbuka bibi, na siwezi kusema alikosea yote. Kitu kilikuwamo kichwani mwa Zuhura, kweli. Mfupa wake ulikuwa ukihangaika kumtafutia damu, na sisi kila Ijumaa tukaja na pembe kuichukua. Chafanya kazi tu, aliniambia. Nyumba nzima ile, aliyejua ni yeye.