Aliiba Sauti Yangu, Nami Ninayo Yake Kwenye Simu

Admin, nifiche jina, kambi hii ni ndogo. Mimi ni mama wa miaka 36, Mkongo wa Fizi, ninashona nguo hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, na ninaimba kwaya. Mkisikia solo kanisani kwetu, ni mimi. Ninaandika nikiwa na hasira, na sitaomba radhi kwa hilo.

Kuna kijana anayerekodi kwaya zetu, tumwite Fundi. Mwaka jana alinisomesha Zaburi nzima nzima peke yangu, eti anapima maiki. Nikasoma kwa moyo wote, mjinga mimi.

Baadaye vijana wa kompyuta waliitisha kikao kuhusu akili bandia. Wakaandika mwongozo kwamba sauti wala sura ya mtu isitumiwe bila ruhusa yake, na kila mmoja akainua mkono kukubali kwa hiari. Aliyeusoma mbele yetu ni Fundi mwenyewe. Tukampigia makofi.

Kumbe ana mafuta ya maombi anayouza mtaa wa Chilinde, mjini Lilongwe. Ikaanza kuzunguka WhatsApp sauti yangu ikitoa ushuhuda: "Mi njo niliachaka dawa za presha, nikapakaa mafuta haya, leo niko muzima." Sijawahi kuugua presha maishani. Ila kwetu ushuhuda wa mtu unayemjua hauna maswali, na wifi yangu ana presha kweli. Alidhani nilimficha ugonjwa wangu kwa aibu. Akaacha vidonge kimyakimya.

Tulimkimbiza zahanati kwa kabaza, baiskeli ya abiria, mimi nikimshika kwa nyuma asianguke. Hakufa. Lakini mkono umelala, mdomo umepinda, na yeye ndiye aliyekuwa akiimba alto kando yangu. Siku aliyoweza kusema tena aliniambia, "Ni weye uliniambia niache dawa." Nikamwapia kwamba ni mashine. Akageukia ukutani.

Nilimfuata Fundi. Hakukana hata kidogo. "Dada, ile ni mwongozo, haiko sheria. Tulikubalianaka tu. Azabu iko wapi?" Akacheka, akaendelea kula nsima yake.

Nikapanda minibasi hadi Lilongwe kwa mwanasheria anayesaidia wakimbizi. Mama mpole. Akanieleza kwamba sheria za mitandao na za taarifa za mtu zipo, tunaweza kuanzia hapo, ila akili bandia yenyewe bado haina sheria yake, na kazi ngumu itakuwa kuthibitisha kwamba aliyesema si mimi. Kisha akaniangalia vizuri, maana uso wangu haufichi kitu. "Usimlipize kwa njia ileile. Ukifanya hivyo, mtasimama wote wawili mbele ya hakimu." Nikasema zikomo, asante ya huku, nikatoka.

Sikumsikia. Fundi ameniachia jumbe nyingi za sauti tangu enzi za mazoezi ya kwaya. Binamu yangu aliziingiza kwenye programu ya kuiga sauti, ya namna ileile aliyotumia yeye, na sasa ninaye Fundi kwenye simu akisema ana mke na watoto wawili aliowaacha Uvira. Uongo mtupu. Jumamosi anaoa mtaa wa Area 25 kule Lilongwe, na wakwe zake ni watu wa kanisa, hawana mzaha. Nikiwaza uso wake siku hiyo ninapata usingizi mzuri.

Jana nilimsikilizisha wifi, ili aone kwamba mashine inaweza kumsemesha mtu yeyote. Akasikiliza hadi mwisho.

"Kumbe iko na bibi Uvira? Bamuambie ule binti mapema."

Nikamwambia, "Wifi, ni mimi nimeitengeneza. Ni mashine, kama ile ya kwangu."

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemlindia mwingine siri. "Mbona ni sauti yake?"

Msiniambie nisamehe, mchungaji ameshaniambia. Wale wa kwaya, wale wa sheria, na ninyi mliowahi kulipiza, semeni: niitume kabla ya Jumamosi, au niifute nimfungulie kesi, huku wifi yangu akiendelea kuamini kwamba ni mimi niliyemlemaza?