Tone Lisilo na Ukuta

Ndani ya seli za mwili wako kuna matone yasiyo na ukuta. Yanaelea kama mafuta kwenye mchuzi: yanakutana, yanaungana, yanaachana, na kazi nyingi za seli hufanyika humo. Katika baadhi ya magonjwa ya neva, matone hayo huganda, na mkono ulioshika kikombe vizuri huanza kukiangusha.

Tone la namna hiyo nililiona siku yangu ya kwanza kazini, bila kulijua.

Ilikuwa maabara ya hospitali kando ya ziwa, upande wa Liuli. Mkuu wa Maabara, Mmatengo mrefu wa milimani aliyelilalamikia joto letu Wanyasa wa ziwani kila siku, alikuwa ametia rangi majimaji ya uvimbe kwenye slaidi, kile kioo chembamba cha kuwekea sampuli. Akaniketisha mbele ya hadubini.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba. Unaona nini?"

"Seli. Ndani yake kiini. Ndani ya kiini kuna doa."

"Lina ngozi?"

Nilitazama sana. "Sioni ngozi."

"Basi mbona halimwagiki?"

Nikasema sijui. Akacheka. "Hata mimi sijui. Ila wewe Mnyasa umenishangaza. Wenzako hujibu kabla sijamaliza kuuliza."

Kila mfanyakazi mgeni wa maabara ile aliulizwa swali hilo. Aliyebuni jibu alipelekwa kuosha slaidi mpaka ajifunze kusema "sijui".

Baadaye nilihamishiwa Mbinga, chini ya Mganga Mfawidhi, msimamizi wa hospitali, aliyetaka majibu kabla damu haijakauka kwenye kioo. Nilipima malaria, nilipima makohozi ya kifua kikuu, na kila kijana aliyeletwa kwangu kujifunza kazi nilimuuliza: mbona halimwagiki?

Nilipokaribia kustaafu, mkufunzi mmoja kwenye semina Songea alilijibu kama jambo la kawaida. Lile doa ni tone. Molekuli zake zinashikana zenyewe kwa zenyewe, ndiyo maana halichanganyiki na maji yanayolizunguka. Ukumbi ulikuwa umejaa, lakini mimi nilitamani mtu mmoja tu awe amesikia.

Mtu huyo, Mkuu wangu wa zamani wa Liuli, alikuwa nyumbani kwake milimani Mbinga, kati ya mibuni yake, mikono imelegea. Madaktari walisema ni ugonjwa wa neva zinazoamrisha misuli. Nilifika asubuhi ya baridi. Mkewe alikuwa ameleta mchuzi wa mbuzi wa jana, mafuta yametanda juu, meupe, magumu. Nikamweleza yote, hata matone yanavyoganda katika ugonjwa kama wake, huku nikiyaonyesha mafuta yale kwa kijiko.

"Kwa hiyo mimi nimepoa," akasema.

"Mkuu, usinichekeshe."

"Mchuzi ukiganda, mama huyu anaurudisha jikoni." Akamtazama mkewe, kisha mimi. "Na haya yangu?"

Mkewe aliacha kukoroga uji.

Sasa nimestaafu, nakaa Liuli. Nakumbuka harufu ya rangi zetu na kile kidirisha tulichogeuzia hadubini kutafuta mwanga. Zaidi ya yote namkumbuka mtu aliyesimama nyuma ya bega langu, akingoja niseme nilichokiona. Kila ninapopanda Mbinga ananiuliza kama kuna jipya. Namwambia ukweli: katika vyombo vya maabara, watafiti wameweza kuyalainisha baadhi ya matone yaliyoanza kuganda. Ndani ya mgonjwa?

"Sijui, Mkuu."

"Vizuri," ananijibu, na mkewe anamwinulia kikombe.